Shilingi ya simba iliyooshwa kwa ndimu

Msomaji wetu wa Umoja ameniandikia hivi:

"Mzee, salamu. Babu alipofariki alituachia kopo la Kimbo lililojaa sarafu za zamani, na nimekuwa nikiziuza mtandaoni moja moja. Shilingi ya simba ya 1924 niliipiga picha nikaandika: 'Fedha tupu, haijatumika kabisa, adimu sana, haijapimwa, inauzwa ilivyo.' Jamaa wa Nakuru akainunua kwa shilingi 4,500. Ilipomfikia akalalamika kwamba imetumika na imesuguliwa, na sasa anataka pesa yake. Ni kweli niliiosha kwa ndimu na majivu kidogo, maana ilikuwa nyeusi tii. Lakini si nilimwambia haijapimwa na inauzwa ilivyo? Kosa langu liko wapi? Na zile nyingine nitaziuzaje nisiitwe tapeli? Nimekutumia picha."

Mwanangu, mrudishie mtu pesa yake. Naanza na hilo usije ukasoma hadi chini ukitumaini kwamba nitageuza maneno. Sikuiti tapeli, tapeli hangenisimulia habari za ndimu. Lakini tangazo lako lina madai matatu yasiyosimama, na yale maneno ya mwisho uliyoyashika kama ngao hayakingi kitu.

Chukua "fedha tupu". Shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki zilizopigwa kati ya 1921 na 1946 zina fedha robo tu, yaani sehemu 250 katika 1,000. Shilingi nzima ina gramu 7.78, kwa hiyo fedha iliyomo haifiki hata gramu mbili. Na kuanzia 1948 hakuna fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Kwenye picha ya kopo nimeziona mbili za aina hiyo, ya 1949 na ya 1952. Hata bila kusoma mwaka utazijua: zile za mwanzo za George VI zina herufi IND: IMP: kuonyesha kwamba alikuwa pia mfalme mkuu wa India, na India ilipopata uhuru 1947 herufi hizo ziliondolewa. Usitegemee sumaku kuzitenganisha. Sumaku haivuti fedha, na haivuti mchanganyiko huo wa shaba na nikeli pia.

"Adimu sana" nitaipita haraka. Shilingi ya 1924 ilipigwa kwa makumi ya mamilioni, ikatumika Kenya, Uganda na Tanganyika. Ukiniletea leo nitakuonyesha nyingine nyingi kwenye droo yangu. Wauzaji wengi wanachanganya uzee na uadimu. Sufuria ya bibi yangu ni ya zamani kuliko sarafu yako, na hakuna anayeigombania.

Kwenye "haijatumika kabisa" ndiko nataka tukae kidogo, kwa sababu ndiko bei inakotoka. Pesa ya 4,500 hutolewa kwa shilingi ya 1924 ambayo ni kama imetoka kiwandani jana. Iliyozunguka madukani haikaribii huko.

Nimeikuza picha yako kwenye simu mpaka simba akajaa kioo kizima. Angalia bega lake na manyoya ya shingoni. Hapo ndipo sarafu ilipoinuka zaidi, kwa hiyo hapo ndipo panapolika kwanza ikipita mifukoni na juu ya kaunta. Kwenye sarafu ambayo haikutumika, manyoya hayo yana mistari inayohesabika. Kwenye yako yameungana yakawa bonge moja laini, kama kipande cha sabuni kilichobaki. Geuza upande wa mfalme, utazame nywele za juu ya sikio na vito vya taji: hadithi ni ileile. Herufi za ukingoni zimebaki kali kwa sababu ziko chini kidogo, zimekingwa. Mtu asiyejua huangalia maandishi, akiyaona yanasomeka vizuri anasema sarafu ni mpya.

Halafu kuna mng'ao. Sarafu ambayo haijatumika ina mng'ao unaotembea: ukiinamisha chini ya taa, mwale wa mwanga unazunguka juu yake kama mkono wa saa. Yako inang'aa palepale ilipo, weupe wa sufuria iliyosuguliwa kwa majani makavu. Na nikitazama uwanja ulio wazi mbele ya uso wa mfalme naona mistari myembamba mingi iliyolala upande mmoja, kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Hayo ni majivu yako. Ndimu ilikula ngozi ya juu, majivu yakachana kilichobaki. Ule weusi ulioutoa ulikuwa utando wa miaka mingi, na wakusanyaji wengi huupenda kuliko mng'ao wa kutengenezwa. Ukishatoka haurudishwi.

Sasa ngao yako ya kwanza, "haijapimwa". Wasomaji wengine huenda hawajui maana yake, kwa hiyo nieleze. Kuna kampuni zinazopokea sarafu, zikaichunguza kama ni halali, zikaipa daraja, kisha zikaifungia ndani ya kasha la plastiki lenye namba. Mbili zinazojulikana zaidi ni za Marekani: PCGS iliyoanza kazi 1986, na NGC ya 1987. Zinatumia kipimo cha 1 hadi 70 ambacho asili yake ni cha William Sheldon, Mmarekani aliyekibuni 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazikutumika. Iliyosafishwa vibaya kama yako hainyimwi kasha, ila hainyimwi aibu pia: huandikwa kwenye lebo kwamba imesafishwa, na namba haipewi.

Sarafu isiyopimwa, basi, ni ile ambayo hakuna mtu wa tatu aliyeitolea kauli. Hilo si kosa. Sarafu nyingi za Afrika Mashariki hazitapimwa milele kwa sababu gharama ya kuisafirisha, kuipima na kuirudisha inazidi bei yake. Lakini fikiria maana yake kwako wewe muuzaji: kama hakuna kampuni iliyotaja daraja, anayelitaja ni wewe peke yako. Uliposema "haijatumika" ulikuwa umevaa koti la mpimaji. Huwezi tena kulivua mstari unaofuata kwa kusema "haijapimwa". Mnunuzi wa Nakuru hakununua sarafu isiyo na daraja. Alinunua daraja ulilompa wewe.

Ngao ya pili, "inauzwa ilivyo". Mimi si wakili, lakini Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, iko wazi katika kifungu cha 15: kitu kikiuzwa kwa maelezo, lazima kilingane na maelezo hayo. "Ilivyo" ni kama ulivyoieleza wewe. Na kama mtu anajua kabisa kwamba anachokisema si kweli na anakisema ili apewe pesa, hapo tumetoka kwenye mambo ya ankara tumeingia kwenye Kanuni za Adhabu, kifungu cha 313, ambacho kinafika miaka mitatu gerezani. Hujafika huko. Nakuonyesha tu mahali barabara inakoelekea.

Najua pia kuna watakaokuambia mwenye macho haambiwi tazama, picha si alikuwa nazo? Methali hiyo ni ya sokoni, ambako mnunuzi anashika kitu, anakigeuza, anakigonga. Mtandaoni hana macho ila yale ya simu yako, na simu yako ilipiga picha mbili jioni, sarafu ikiwa juu ya kitambaa cheupe, mwanga wa dirishani umefuta mikwaruzo yote. Nilihitaji kuikuza mara tano ndipo nione. Yeye alikuwa na haraka.

Nisijifanye malaika. Miaka ya tisini niliwahi kumuuzia mzee mmoja wa Mombasa sumuni ya fedha kwa njia ya posta. Nilikuwa nimeing'arisha kwa dawa ya meno, na kwenye barua sikusema lolote kuhusu hilo. Nilisema tu kwamba "inapendeza". Wiki mbili baadaye ikarudi ndani ya bahasha yangu mwenyewe. Nyuma ya barua aliandika maneno mawili: "Hii imeoga." Hakuongeza neno. Nilimrudishia pesa siku ileile, na ilinichukua karibu mwaka kumshawishi ninunue au nimuuzie kitu tena.

Turudi kwenye kopo, maana umeniuliza kuhusu zile nyingine.

Senti kumi za tundu za 1936 zenye jina EDWARDVS VIII utaambiwa ni dhahabu. Hadithi yake kweli ni tamu: Edward VIII alitawala kuanzia Januari hadi Desemba 1936 akajiuzulu kabla ya kutawazwa, na Uingereza kwenyewe hakuna sarafu zenye sura yake zilizoingia madukani. Lakini ndururu na senti kumi za huku hazikuhitaji sura. Ni taji, jina, tundu, na upande wa pili pembe za ndovu zinazolizunguka tundu lile. Kwa hiyo zilipigwa mapema, tena kwa mamilioni. Mwuzie mtu hadithi ya mfalme asiyetawazwa, ni ya kweli, lakini usiandike "adimu". Ukiweza, piga picha ya karibu ya alama ndogo ya kiwanda: H ni Heaton ya Birmingham, KN ni Kings Norton, na isiyo na herufi ni ya London. Wanaokusanya kwa mpangilio watakuuliza.

Ile kubwa yenye sura ya mama aliyefunika kichwa, mwaka 1780, ni reale ya Maria Theresa. Hapa ndipo mtu mwaminifu anaweza kusema uongo bila kujua. Malkia huyo alifariki 1780, na sarafu yake iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka uleule, karne baada ya karne, Vienna na kwingineko, London na Bombay zikiwemo, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na pwani yetu hawakutaka nyingine. Ukiandika "sarafu ya mwaka 1780" umedai jambo usiloweza kulithibitisha. Andika: "reale ya Maria Theresa yenye tarehe 1780, huenda ilipigwa baadaye." Iweke kwenye mizani, ikisoma kama gramu 28.07 na ukingo wake una maandishi yaliyoinuka, una karibu gramu 23.4 za fedha safi mkononi. Hiyo inatosha kuipa bei bila chumvi.

Rupia ya 1888 yenye neno MOMBASA ndiyo iliyonifanya nivae miwani. Ni ya Kampuni ya Imperial British East Africa, ilipigwa Birmingham, fedha ya 917, gramu 11.66. Hii ndiyo pekee kwenye kopo lako ambayo ningefikiria kuigharimia kupimwa, na ndiyo pekee ambayo nakuomba, kwa jina la babu yako, usiiguse hata kwa maji. Inaghushiwa. Miaka kumi na kitu iliyopita nilinunua moja usiku, kwa picha moja yenye kivuli, nikiogopa mwingine asiniwahi. Mizani ikasema 9.8. Ukingoni kulikuwa na mstari mwembamba uliopitishwa tupa, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Muuzaji alikuwa ameshabadilisha namba ya simu. Ipime yako kabla hujafurahi.

Kuhusu rupia hiyohiyo, jambo ambalo wauzaji hawaliulizi: Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa vitu vya kale, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Mnunuzi akitokea Ujerumani akakuambia uitie kwenye bahasha, panda kwanza pale Museum Hill uwaulize Makumbusho ya Taifa. Na hata ukimuuzia mtu wa hapa, ulizia taratibu kabla hujaitangaza.

Shilingi 40 ya Kibaki ya 2003 ilitolewa kwa miaka arobaini ya uhuru. Kila wiki napokea ujumbe wa mtu aliyeambiwa kwamba kuna tajiri anainunua kwa mamilioni, ila kwanza atume elfu mbili za "usajili". Hakuna tajiri. Kuna anayetaka elfu mbili.

Sasa namna ya kuandika. Hii hapa ndiyo ningeiweka kwa shilingi yako ya 1924:

"Afrika Mashariki, shilingi 1, 1924, George V. Fedha 250/1000. Gramu 7.7 kwa mizani yangu. Imetumika: manyoya ya simba begani yamelika, maandishi yote yanasomeka. Imewahi kusafishwa kwa ndimu na majivu, mikwaruzo inaonekana picha ya tatu. Haijapimwa na kampuni yoyote. Ukiona haifanani na maelezo haya, irudishe ndani ya siku saba ikiwa katika hali niliyoituma."

Ona kwamba hakuna neno la sifa. Nimesema ninachokiona na ninachokipima, na mahali ninapotoa maoni mtu anaweza kuyapinga akiwa na picha mbele yake. Usitaje namba za Marekani, 58 au 63, kama hujashika sarafu nyingi za aina hiyo ukazilinganisha. Hata wazoefu hubishana kuhusu pointi mbili tatu. Picha ziwe za mchana, kivulini karibu na mlango, bila kichujio, pande zote mbili na ukingo, na moja ukiwa umeinamisha sarafu ili mwanga upite juu yake kwa upande. Hiyo ya kuinamisha ndiyo inayofichua kuoshwa. Muuzaji akikataa kuituma, nami sinunui. Mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu inapatikana katikati ya mji, na haikugharimu kiasi ulichokaribia kupoteza kwa jamaa wa Nakuru.

Kwa wanaonunua nina machache. Soma tangazo ukifuta sifa zote, kisha uangalie kama kuna kitu kilichobaki. Lipa bei ya hali unayoiona kwenye picha, usilipe bei ya hali unayoahidiwa. Omba uzito kwanza, hasa kwa rupia za Wajerumani na ile ya dhahabu ya Tabora ya 1916 yenye ndovu, rupia 15, ambayo zilipigwa kama 16,000 tu katika karakana ya reli wakati wa vita, na zinazozunguka mtandaoni za kughushi ni kero. (Neno letu "hela" lilitokana na visarafu vidogo vya Wajerumani haohao, Heller. Hayo yalinipita tu.) Sarafu ikiwa kwenye kasha, ingiza namba yake kwenye tovuti ya kampuni husika ulinganishe picha, kwa sababu makasha nayo yanaghushiwa. Kama ni kitu cha maelfu, kutaneni mahali pa watu mchana. Nairobi tuna bahati, kila mtu anapajua pale Archives, Moi Avenue. Muuzaji naye asiachie sarafu kwa sababu ameona ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe unaandikika na mtu yeyote. Angalia salio lako kwenye menyu.

Kuhusu Nakuru, mpigie simu leo, usimwandikie. Mwambie umekosea kwenye maelezo, na kwamba nauli ya mzigo kwenda na kurudi ni juu yako. Mwombe aipige picha pande zote kabla hajaifunga, asiitie kwenye pamba wala karatasi ya gazeti, karatasi nyeupe laini inatosha. Ikishuka stendi, ilinganishe na picha zako za kwanza palepale, kisha tuma 4,500 kabla hujatoka hapo. Halafu mweleze bei mpya kwa tangazo jipya. Mtu aliyetambua mikwaruzo ya majivu kwa kuishika tu ni mkusanyaji, na inawezekana sana kwamba shilingi ya 1924 bado haimo kwenye albamu yake.